Mbwa Hana Mkwe

Mwanangu Asajile nitamsema vibaya, na asitokee mtu kunikanya, maana nimemzaa mwenyewe na uchungu nilioupata naujua mwenyewe. Nyie mkitaka kumsema, zaeni wa kwenu.

Mwaka ule kiwanda cha chai kilipouzwa kwa wenye fedha zao, sisi wa Lupepo tulijifunza neno jipya, kupunguzwa. Mtu anaondoka asubuhi kwenda kazini na afya yake na chakula chake kwenye kikopo, jioni anarudi kapunguzwa. Asajile alikuwa akipima majani ya chai pale kituoni wanapopokelea, na tangu neno hilo liingie masikioni mwake alikosa raha kabisa. Alimwamkia meneja mpya, alimwamkia dereva wa meneja, na mimi kwa macho yangu nilimwona akiliamkia gari la meneja limeegeshwa peke yake.

Nyumbani nako kulikuwa na msiba wake. Mkewe, Tulia, alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Kila mwezi damu ilimtoka mpaka anatembea kwa kushika ukuta. Tulimpeleka hospitali Tukuyu amebebwa kwenye gari la viazi, viganja vyeupe kama unga wa muhogo. Daktari akamtazama, akatuambia bila kuzunguka, "Huyu lazima apasuliwe. Lakini damu yake imekwisha, na friji letu la damu ni tupu. Nikimpasua hivi hivi nitamuua. Leteni ndugu mmoja atoe chupa moja, nitampasua siku hiyo hiyo."

Ndugu mmoja, chupa moja. Nilidhani ni jambo la saa moja. Ukoo wetu huu, siku ya msiba huwezi kupata pa kuweka sufuria kwa jinsi watu wanavyojaa.

Nilianza mimi mwenyewe. Nesi mmoja, Stumai, binti wa Pwani aliyeletwa huku na serikali na kutwa analia na baridi yetu, alinichoma kidole, akadondosha tone la damu yangu kwenye kikombe cha maji ya buluu. Tone likielea, damu yako hafifu. Likizama, unafaa. La kwangu likaelea kama chelezo.

"Mama," akaniambia Stumai, "wewe mwenyewe ni wa kuongezewa."

Kaka zake Tulia walikuwa Chunya huko kwenye dhahabu, hawajulikani wanalala wapi. Wajomba zake wa Isongole walisema watakuja wakimaliza kuvuna viazi. Wanaume wa kwetu, jamani! Mmoja akasema hospitali wanachukua damu wanaiuza Dar es Salaam. Mwingine akanikumbusha mumiani, eti bibi yake aliwaona. Mwingine akaumwa mgongo hapo hapo nilipokuwa naongea naye.

Na Asajile, mwenye mke? Siku ya kwanza alikuwa kazini. Siku ya pili alikuwa na malaria. Siku nyingine akasema amekunywa dawa ya minyoo na dawa ya minyoo inakataza. Mwanaume ana mabega kama mlango wa kanisa, anakunywa maziwa lita nzima, lakini damu hana. Nikamwambia, "Mkeo anakufa." Akasema, "Najua, Mama," akatazama pembeni. Kila siku nilipofika wodini Tulia aliniuliza, "Amekuja?" Nami nilimjibu, "Kesho, mwanangu."

Hapo ndipo alipougua Prinsi.

Prinsi alikuwa mbwa wa mke wa meneja, mama mmoja kijana anaitwa Belinda. Si mbwa kama hawa wetu. Aliletwa na ndege, masikio yamesimama, manyoya yanachanwa kwa kitana, na nyumbani kwao alikuwa na godoro lake. Lakini kupe wa Rungwe hawaulizi mtu katoka wapi. Walimpanda, homa ya kupe ikamkamata, fizi zikawa nyeupe, akawa hasimami. Wakamwita Daktari Allen, ambaye zamani alikuwa bwana mifugo wa serikali na sasa amefungua duka lake la dawa za mifugo pale mjini. Allen akasema dawa peke yake haitoshi, mbwa huyu aongezewe damu, atafutwe mbwa mwingine mkubwa mwenye afya.

Habari hiyo ilifika kituoni mchana. Kabla mwenye kuileta hajaimaliza, Asajile alikwisha fika nyumbani, amepiga magoti uwanjani, anamfungua kamba Mtachoka.

Mtachoka ni mbwa wa mume wangu, Andongwisye. Tulimpa jina hilo kwa ajili ya majirani waliokuwa wanalalamika kwamba anabweka. Ni mbwa hasa, kifua kipana, ngedere wakimsikia wanahama shamba. Nilipomwona anavutwa kuelekea barabarani, mkia umesimama kwa furaha, nikaacha ndizi za mbalaga jikoni nikawafuata. Nilitaka kujua mbwa wetu anakwenda kuuzwa au vipi.

Nikawakuta barazani kwa meneja. Mtachoka kalazwa juu ya meza wanayolia chakula, shingo imenyolewa, Daktari Allen anatafuta mshipa. Na nani kamshika kichwa? Mwanangu. Anampapasa masikio, anamnong'oneza, "Vumilia, baba, vumilia kidogo. Haiumi sana. Ni kwa ajili ya mwenzako." Mimi nimeyasikia kwa masikio haya. Damu ikawa inateremka kwenye mpira, nyekundu, nzuri, na Mtachoka ametulia anaangalia inzi.

"Daktari," nikauliza, "hamwangalii kwanza kama damu zao zinapatana?"

"Mbwa akiongezewa damu kwa mara ya kwanza huwa hana shida sana, mama," Allen akasema. "Akiwa mzima, tunachukua."

"Na hamuulizi kama ni ndugu?"

Akacheka. "Niulize nani?"

Belinda alikuwa analia. Sikumcheka, mtu akipenda amependa. Alimshika Asajile mikono yote miwili akamwambia, "Kaka Asajile, wewe una moyo ambao watu wengi hawana." Na mwanangu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, utadhani askofu anabarikiwa. Meneja mwenyewe akatoka ndani akampa mkono. Mtachoka akapewa nyama ya kopo, Asajile akapewa soda.

Tulipokuwa tunarudi nikashindwa kunyamaza. "Asajile, mbwa umempata. Mkeo je?"

"Mama, haya ni mambo ya kazi."

"Aa, kumbe! Basi Tulia naye aajiriwe, labda utamwona."

Prinsi alisimama, akanywa maziwa, akabweka. Asajile hakupunguzwa. Walimwongezea na kazi, kila Jumamosi aende kumwogesha Prinsi dawa ya kupe. Njiani vijana wakamtania, "Shemeji wa meneja, hujambo!" Naye alijibu, tena kwa kutabasamu. Kijiji kizima kikaja kumwangalia Mtachoka shingo, wanaume wale wale wa mumiani na mgongo, wakisifu, "Huyu ni dume."

Sasa niwaambie habari ya mume wangu, na kwanza niwaambie habari ya kutila, kwa wasiojua. Kwetu sisi Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Ndiyo heshima. Tulia alikuwa na miaka tisa katika boma letu na hajawahi kuuona uso wa Andongwisye. Akitokea mzee njia hii, yeye hupita nyuma ya migomba na kujifunika khanga. Mzee naye haingii jikoni, hamwiti kwa jina, wala hamsalimii. Kama ana neno kwake hulipitisha kwangu. Tulia alipolazwa, Andongwisye alikuwa anatembea mpaka Tukuyu na ndizi mbivu, anakaa nje ya uzio wa hospitali kwenye mvua, mimi napeleka ndizi ndani. Wodini asingeweza kutia mguu. Hata kuuliza "anaendeleaje" aliniuliza akitazama barabara.

Jioni ya siku ile ile Mtachoka aliyotolewa damu, nilimkuta mzee anamkanda shingo kwa maji ya moto. Nilitegemea atafoka kwa kuwa mbwa kachukuliwa bila ruhusa. Hakufoka.

"Alilia?" akaniuliza.

"Hakulia."

"Baada ya hapo?"

"Amekula nyama, amelala, ameamka. Si huyo unamwona."

Akakanda, akakanda. "Na yule mgonjwa, walimwambia ni nani wake?"

"Nani amwambie mbwa, Baba Asajile?"

Akachovya tena kitambaa kwenye maji. Mimi nikaenda kufunga kuku. Niliporudi akasema, "Kesho unipeleke kwa huyo nesi."

Nilishtuka mpaka nikakaa chini. "Wewe! Na kutila? Damu yako iingie kwa mkweo?"

"Sitamwangalia," akasema. "Itakayokwenda kwake ni damu, na damu haina macho."

Asubuhi tukaenda. Stumai alipoambiwa ni baba mkwe, akafurahi, "Ndiyo vizuri, mzee wangu, baba ni baba!" Yeye wa Pwani angejuaje? Andongwisye akamwomba kitu kimoja tu, alazwe upande ambao hata mlango ukifunguliwa hataiona wodi ya wanawake. Wakamchoma kidole. Tone likazama kama jiwe. Wakachukua damu nyingine kidogo wakaenda kuipima, tukakaa kwenye benchi. Mume wangu alikuwa ametulia. Mimi ndiye niliyekuwa nasema Kyala wangu, Kyala wangu, yaani Mungu wangu, moyoni.

Stumai akarudi anacheka. "Safi. Na inapatana na ya mgonjwa. Njoo, mzee."

Wakampasua Tulia siku hiyo hiyo. Daktari alinionyesha ule uvimbe kwenye beseni, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Nililia, sioni aibu kusema. Nililia kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakadhani nimefiwa, wakaanza kunipa pole. Nilipotoka nje nikamwambia Andongwisye, "Amepona." Akaitikia kwa kichwa, akaanza kutembea kwenda nyumbani bila kunisubiri, na mimi nikamwacha atangulie maana nilijua hataki nimwone anavyofuta macho.

Mngedhani hapo ndipo mwisho. Mimi pia nilidhani.

Tulia alirudi, akaanza kutembea, rangi ikamrudia mashavuni. Ndipo Jumapili moja baada ya ibada akaja Lazaro, mdogo wake mume wangu, mzee wa kanisa, na watu wa ukoo nyuma yake. Safari hii hakuna aliyeumwa mgongo. Wakajaa uwanjani, wakapewa viti, na Asajile akakaa upande wa Lazaro. Tulia alikuwa ndani, mlango umefungwa nusu, kama heshima inavyotaka.

Lazaro akakohoa. "Kaka, tumesikia neno zito. Damu ya baba imeingia kwa mke wa mwana. Sasa tunauliza, huyu bado ni mke, au amekuwa dada wa mumewe? Kwa maana damu ni moja."

Watu wakaguna. "Mwe bandu!" mmoja akasema kwa Kinyakyusa, kuwastaajabia watu, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia, wakati habari hiyo aliieneza yeye.

Asajile naye akasimama. Mwanangu! "Mimi sina ubaya na Baba. Lakini nimekosa amani. Siwezi kulala chumba kimoja na Tulia mpaka atakaswe. Ukoo unasema ng'ombe. Kwa kuwa Baba ndiye aliyetoa damu, ni haki Baba ndiye atoe na ng'ombe."

Damu atoe mzee, na ng'ombe atoe mzee! Nikasimama mpaka kitenge kikaanguka. "Mlikuwa wapi nyie? Nilipiga hodi nyumba kwa nyumba, nikawakuta wote wagonjwa! Leo mmepona? Dawa gani mmekunywa mtupe na sisi?"

"Shemeji, punguza hasira," akasema Lazaro. "Mila ni mila."

"Na Mtachoka je? Katoa damu kwa mbwa wa meneja. Nao tuwatakase? Na meneja tumdai ng'ombe?"

Wengine wakacheka. Lazaro hakucheka. "Mbwa hana mkwe, shemeji," akasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Andongwisye alikuwa kwenye kiti chake, mikono juu ya fimbo. Nilimtazama nikamwonea uchungu. Alikuwa amevunja heshima aliyoishika maisha yake yote ili mtu asife, na sasa waliokimbia ndio wanamhukumu.

Mlango ukafunguliwa. Tulia akatoka.

Watu wakageuza nyuso haraka, Lazaro akajiziba macho kwa kitabu cha nyimbo. Lakini Tulia hakukosa adabu. Alitoka kwa ubavu, akazunguka, akasimama mahali ambapo mgongo wake ulimwelekea mzee na uso wake ukamwelekea mumewe. Khanga kichwani. Sauti yake ilikuwa ndogo, na sote tukatega masikio ili tuisikie.

"Asajile, nina swali moja. Pale wodini nilikuuliza kila siku. Nesi Stumai aliniambia kwamba damu ya mtu kabla hawajaichukua wanaipima, wanatafuta na huu ugonjwa wa siku hizi. Wakiikuta mbaya wanamwita mwenyewe kwenye chumba cha pembeni. Ya kwangu waliipima kabla ya kunipasua. Nzima. Ya mzee waliipima, wakaikubali. Ya kwako kwa nini hukuipeleka?"

"Nilikuwa kazini."

"Siku ya mbwa hukuwa kazini?"

Hakuna aliyecheka. Nikawaangalia wale wanaume, mmoja mmoja. Mwenye mgongo alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu. Mwenye mumiani alikuwa anaangalia migomba. Hata Lazaro alishusha kitabu akakishika mapajani. Kumbe wote walikuwa wanajua wanachokiogopa, na sindano haikuwamo.

"Umesema hulali na mimi mpaka nitakaswe," Tulia akaendelea. "Sawa, ukoo utaamua. Lakini na mimi silali na wewe mpaka ukapimwe. Hilo ukoo hauna la kuamua."

Akarudi ndani kwa njia ile ile, ubavu ubavu, mgongo kwa mzee, akafunga mlango wote.

Lazaro akapekua kitabu chake akakosa wimbo. Watu wakaanza kukumbuka ng'ombe wao hawajanywa maji. Muda si muda uwanja ukabaki na viti tu, na habari ya ng'ombe wa kutakasa sijaisikia tena mpaka leo.

Asajile alibaki amekaa. Mimi nilikuwa na maneno, jamani, nilikuwa nayo ya kumtosha mpaka Krismasi. Nikamwendea nimejiandaa. Ndipo nikaona mikono yake. Alikuwa ameibana katikati ya magoti, kama mtoto anayesubiri fimbo. Nikakumbuka ile miaka miwili aliyokuwa anafuata mitumba Tunduma, analala huko wiki nzima, anarudi anacheka sana. Na rafiki zake wa biashara ile, wawili tumekwisha wazika.

"Mama," akasema, hata hanitazami, "na wakiniita kwenye chumba cha pembeni?"

  Nikakaa kwenye kiti cha Lazaro, karibu naye, mpaka kuku walipoanza kuingia ndani wenyewe.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha ile yetu ya Rungwe isiyo na haraka. Nilimwona kasimama pale njia inapogawana, ya kituoni na ya Tukuyu, hajavaa koti. Amesimama tu. Watu wanaokwenda kuchuma chai wakampita, wakamsalimia, hakuitikia. Nikachukua kitenge changu kimoja nikajifunika, kingine nikakishika mkononi, nikateremka. Nilipomfikia nikamfunika kile kitenge mabegani, alivyo mkubwa vile, na hakukataa.

"Haya, twende," nikamwambia. "Natangulia mimi. Wewe angalia miguu yangu tu."